Watu saba dukani, gauni moja

Shikamoo Anti,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Uyui, nyumbani ni Isevya, Tabora mjini. Mungu akipenda ndoa yetu itafungwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi parokiani kwetu, na sherehe ni jioni ukumbini. Sendofu ni wiki moja kabla. Mahari imeshatoka, kamati imeanza vikao, kadi za michango zinagawiwa. Kinachoninyima usingizi ni gauni.

Wiki iliyopita, shule zilipofungwa tu, nilikwenda kwenye duka moja la kukodisha magauni hapa mjini, Jumamosi mchana. Nilimwambia mama peke yake. Mama akamwambia shangazi, shangazi akaja na binti zake wawili, wifi yangu akasikia naye akaja na rafiki yake. Tukawa watu saba. Dukani palikuwa na magauni manne, mengine tukaambiwa "yametoka". Nikajaribu mawili. La kwanza shangazi akasema linanionyesha mnene, wifi akasema linafaa ila mabega yako wazi mno, mama akanyamaza, na mama akinyamaza ujue kuna jambo. La pili zipu ilikataa kupanda. Wifi akanipiga picha hivyohivyo, zipu ikiwa wazi, akamtumia mama mkwe Nzega. Dada wa dukani naye ananihimiza nilipe kianzio palepale, eti Oktoba inajaa. Nikaaga, nikafika nyumbani nikalia.

Sasa mama mkwe amepiga simu. Anasema gauni ni juu yake, kama desturi ilivyo, lakini awepo wakati wa kuchagua, na twende Mwanza kwa sababu Tabora hakuna kitu. Dada yangu aliyeko Dar anasema nisihangaike, nipande basi niende Kariakoo na Sinza nimalize yote kwa siku moja. Mwalimu mwenzangu anasema nishone, kuna fundi wake mtaa wa Ng'ambo hapahapa mjini. Bajeti niliyotajiwa ni laki sita pamoja na viatu na shela la kichwani. Shule zinafunguliwa Julai.

Anti, nianzie wapi, lini, na nani? Na hawa wengine niwafanyeje wasije, bila kuharibu undugu?

Bibi harusi mtarajiwa, Tabora


Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Nimeisoma barua yako nikaona kila mtu aliyemo ameshapanga safari ya kwenda dukani: mama mkwe anakwenda Mwanza, dada yako Kariakoo, mwalimu mwenzako Ng'ambo. Asiyepanga ni mvaaji. Basi tupange yako kwanza, wengine tutawatafutia nafasi ndani yake.

Tuanze na ile Jumamosi. Watu walizidi, ni kweli, lakini hata siku yenyewe haikufaa. Magauni ya kukodi huanza kuondoka dukani Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi yako kanisani. Jumapili yamelala kwenye begi nyumbani kwa mtu, Jumatatu yanarudi na pindo limekuwa jekundu kwa vumbi letu hili, Jumanne yanafuliwa na kuanikwa. Wewe ulikwenda Jumamosi ya mwezi wa sita, katikati ya msimu wa harusi, ukaonyeshwa yale manne ambayo wiki hiyo hayakupata wa kuyavaa. Halafu ukajipima kwa hayo!

Nenda Jumatano saa tatu asubuhi. Uko likizo, itumie. Asubuhi bado kuna ubaridi, na dada wa dukani hajachoka. Kuingia kwenye matabaka ya neti saa nane mchana ukiwa umelowa jasho ni kuchafua mali ya watu, na hata gauni zuri utaliona baya.

Na usitokee tu kama mtu anayekwenda kununua sukari. Najua wengi wetu tunaona kuweka miadi ya kujaribu gauni ni mambo ya matajiri wa Masaki, Dar. Lakini maduka yetu ni madogo: kioo kimoja, chumba kimoja nyuma ya pazia. Ukimkuta bibi harusi mwingine ndani, utakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka umchukie. Tuma ujumbe siku mbili tatu kabla, mfupi lakini wenye kila kitu, mfano huu:

"Habari za kazi dada. Harusi yangu ni Jumamosi ya pili ya Oktoba. Naomba kuja kujaribu magauni Jumatano saa tatu asubuhi, tutakuwa watatu. Kifua inchi 38, kiuno 32, nyonga 42. Natafuta lenye mikono, la kufunga kamba mgongoni. Naomba uniandalie yale ambayo hayajachukuliwa tarehe hiyo, na uniambie bei ya kukodi na dhamana ni kiasi gani."

Vipimo weka vyako, uvichukue kwa futi ya fundi, wala usiseme "navaa namba 12". Namba za magauni ya harusi mara nyingi ni ndogo kuliko za nguo za kila siku, mvaaji wa 12 akajikuta anahitaji 14 au hata 16. Kwa hiyo ile zipu isikutoe machozi, na wala usianze kushinda njaa ili ifunge. Kamba za mgongoni nimezitaja makusudi. Gauni la kukodi halikatwi, linashikizwa tu kwa uzi, na lenye kamba linamfuata mvaaji akipungua au akiongezeka kabla ya Oktoba. Kama kuna sababu ya mwili kuongezeka ambayo hukuiandika kwenye barua, mimi sijauliza, ila kamba zitakusitiri.

Ukipata majibu, panga maduka mawili tu kwa siku, asubuhi hiyohiyo, la pili saa tano. Wengine hujisifu wamezunguka maduka sita kwa siku. Ukiwauliza la tatu lilikuwaje hawakumbuki. Kila duka jaribu matano au sita. Yakizidi hapo yote yanakuwa meupe tu.

Sasa watu. Jumatano hiyo nenda na mama na matron wako, basi. Mama mzazi asikose hatua hii ya kwanza, kwa sababu safari ya Mwanza, kama itakuwepo, itakuwa ya mama mwingine, na hutaki mama yako alione gauni kwa mara ya kwanza kwenye simu ya wifi. Lakini kabla hamjatoka nyumbani mkalishe umuulize: mama, kitu gani hutaki kukiona? Mama anayenyamaza dukani mara nyingi ana jambo moja tu, mgongo wazi au kifua, na anaona aibu kulisema mbele ya wifi na muuzaji. Akilisema jikoni kwenu, imekwisha.

Matron naye yupo kwa kazi maalumu. Ndiye atakayekuvalisha asubuhi ya siku yenyewe, basi ajifunze kufunga zile kamba, ajue mkia unabebwaje na unakunjwa wapi mkiingia kwenye gari. Kuna matron hukutana na gauni saa mbili asubuhi ya harusi, misa ni saa nne, ndipo unasikia bibi harusi amechelewa kwa saa nzima na kwaya imeshamaliza nyimbo.

Shangazi mpe kazi. Shangazi asiye na kazi kwenye harusi hujitafutia. Mwambie, "Shangazi, nakuachia sare, wewe na binti zako mchague vitenge vya upande wetu," na uwe umemaanisha. Rangi wakichagua wao, ziwe hizohizo. Atazunguka sokoni wiki nzima akiwa na furaha zake, na akisikia umeshajaribu gauni atakuwa na yake ya kusimulia. Hapo hujamfukuza mtu.

Wifi ni suala la mwenzako, si lako. Ile picha ya zipu wazi haikuwa ya kutumwa kwa mtu yeyote, sembuse kwa mama mkwe. Ukimkemea wewe itakuwa vita mpaka siku ya keki. Mwambie mchumba wako, kwa upole, azungumze na dada yake. Tena siku ya kwenda dukani usitangaze kwenye grupu la harusi. Ujumbe wa duka ni wako na matron.

Mama mkwe ametaka mambo matatu kwa pamoja: alipe, awepo, na iwe Mwanza. La kulipa pokea kwa shukrani. Kwetu gauni la harusi mara nyingi ni la upande wa bwana harusi, na mama aliyejitolea hivyo hakatishwi moyo. La kuwepo ni haki yake pia, maana anayetoa hela hapokei picha tu. Hilo la Mwanza ndilo lenye mjadala. Kabla mtu hajakata tiketi, mchumba wako amuulize mama yake mambo mawili ambayo wewe huwezi kumuuliza: hizo laki sita ndiyo mwisho, na je, gauni la kukodi analikubali? Kuna mama wakwe wanaona kukodi ni kudhalilishwa, wanataka mkwe awe na gauni lake kabatini. Mimi niko upande wa kukodi. Gauni la kununua utalivaa siku moja, kisha litageuka njano huku mkilipia kodi ya nyumba. Lakini msimamo wake lazima ujulikane mapema, si mbele ya kioo.

Akisema kukodi sawa, Mwanza inajifuta yenyewe. Kutoka Tabora hadi Mwanza kupitia Nzega na Shinyanga ni kilomita zipatazo 350. Gauni la kukodi unatakiwa ulijaribu tena, ulichukue, na ulirudishe Jumatatu, na kila siku ya kuchelewa inakatwa kwenye dhamana. Nani atapanda basi Jumapili, kesho yake ya harusi, na sanduku la gauni? Kodi hapahapa Tabora, na mama mkwe aje kutoka Nzega siku ya uamuzi. Ni kilomita 115 hivi, anakuja asubuhi na kurudi jioni. Jumatano ya kwanza wewe, mama na matron mnachuja mpaka yabaki mawili au matatu. Jumatano ya pili mama mkwe anaonyeshwa hayo tu, anachagua kati ya unayoyapenda. Atakuwa amechagua, na wewe hutakuwa umelazimishwa. Akiuliza mbona machache, dada wa dukani amwambie ukweli kwamba mengine ya tarehe hiyo yamechukuliwa.

Akisema ni la kununua, hapo Mwanza ina maana. Panda basi la alfajiri, mchukue Nzega njiani, mtafika mchana. Siku hiyo msiende duka lolote. Ogeni, mle, mlale. Watu waliokaa kwenye basi tangu alfajiri hununua chochote ili waondoke. Kesho yake saa tatu duka la kwanza, saa tano la pili, mchana mnakaa mahali mnazungumza, saa kumi mnarudi kwenye moja kulipia. Asubuhi yake mnaondoka. Mpigie mama yako simu ya video kutoka dukani, ila omba ruhusa kwanza, maana maduka mengine hayataki picha mpaka ulipie. Safari hii iishe kabla shule hazijafunguliwa, kwa sababu la kununua linahitaji wiki kadhaa za fundi kulipunguza na kukata urefu, na Mwanza huwezi kurudi kila Ijumaa.

Dar mimi nasema hapana. Si kwamba hakuna magauni, yapo ya kumwaga. Tena safari siku hizi imepata nafuu, unakwenda Dodoma kwa basi na kumalizia na treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024. Lakini hiyo "siku moja" ya dada yako ni siku nne au tano ukihesabu kwenda, kuchoka na kurudi, na nauli yake ni sehemu ya gauni. Dada mpe viatu na shela la kichwani. Hivyo havihitaji mwili wako wote, vinahitaji namba ya mguu na picha ya gauni. Viatu vije mapema, maana urefu wa pindo unapimwa ukiwa umevivaa.

Fundi wa Ng'ambo namheshimu, lakini mpe gauni la sendofu. La sendofu likichelewa siku moja kuna vitenge kabatini. La kanisani likichelewa hakuna cha kufanya. Naye mwekee tarehe zake: siku ya kupima na kupeleka kitambaa, siku ya kujaribu likiwa limeshikizwa tu, siku ya kuchukua. Siku ya kuchukua iwe wiki mbili kabla ya sendofu, na wewe ndiwe unayejua kwamba zile wiki mbili ni za umeme kukatika na za "njoo kesho".

Ya kuagiza mtandaoni kutoka China yaache kabisa. Picha ni ya gauni jingine, na kurudisha haiwezekani.

Ukiwa dukani sasa, usisimame tu mbele ya kioo kama sanamu. Vaa sidiria utakayovaa siku ile, na viatu vyenye kisigino kile kile. Usipake mafuta mengi wala poda shingoni. Inua mikono juu kama unapokea keki. Mikono ikibana kwapani, ukumbini utacheza umejikunja. Keti. Gauni lenye waya ukiketi bila kuuinua nyuma, mbele linanyanyuka watu wanakuona magoti. Kisha piga magoti, na hili wengi hawalifanyi. Kwenye misa utapiga magoti mbele ya altare, watu wote wako nyuma yako, na ukikanyaga pindo la mbele huinuki. Piga magoti dukani mara mbili, inuka bila kushikwa. Likikushinda hapo, liache hata kama lina shanga za almasi. Halafu uliza kitambaa cha ndani. Oktoba ndiyo mwezi wa joto kuliko yote Tabora, mvua bado, na satini nzito yenye bitana ya nailoni itakulowesha kabla ya kiapo. Mabega, muulize paroko mwenyewe. Parokia nyingi hazipokei mabega wazi, na wifi hapo alisema kweli.

Kianzio. Usilipe siku ya kwanza, hata wakikuambia kuna mwenzio yuko njiani. Unaweza kuomba wakushikie mpaka Jumatano ijayo, na duka linalokuheshimu litakubali. Na hata siku ya pili usilipe kama tarehe ya ndoa haijaandikwa parokiani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na kanisani kuna matangazo yake. Tarehe ikisogezwa, kianzio kwa kawaida hakirudi. Unapolipa, simama juu ya daftari la oda uone kwa macho yako jina lako, namba ya gauni, na tarehe ya kuchukua na ya kurudisha, viwe sawasawa na risiti. "Nimeshakuandika dada" si risiti. Na siku ya kulichukua mpige picha gauni lenyewe, pindo, kwapa na shanga, mbele ya mwenye duka, ili doa la mwenzio wa Agosti lisije kukatwa kwenye dhamana yako.

Baada ya hapo zimebaki siku mbili za kujaribu. Moja mwishoni mwa Agosti, Jumatano saa kumi ukitoka kazini, wewe na matron tu. Ya mwisho Jumatano ya siku kumi kabla ya ndoa, ukiwa na viatu, shela la kichwani na nywele zimebanwa zitakavyokuwa. Hapo ndipo wanashikiza kiuno. Hapo mlete hata shangazi kama anataka, maana hakuna tena cha kuchagua, kazi yake itakuwa kupiga vigelegele. Gauni lichukuliwe Alhamisi ya wiki ya ndoa, lilale kwa mama likiwa limetundikwa juu ya kabati, mbali na jiko na watoto.

Na kabla hujasahau, panga tangu sasa nani atalirudisha Jumatatu, kwa sababu wewe hutakuwepo. Matron wako asipoweza, mpe wifi, hasa huyo huyo wa picha. Mkabidhi risiti mkononi, na muelewane mapema kwamba dhamana ikirudi ni ya mama mkwe, maana ndiye aliyeitoa.